Kwikwi za Bandari ya Anga

Siku Mwamvita Kondo alipotua Tabora kuja kuwafundisha watu sera za kampuni, alipokewa kwa kwikwi.

Wala haikuwa kwikwi ya mtu mmoja. Ilikuwa ya kikosi kizima cha wavuta kamba, wanaume kwa wanawake, waliojipanga kwenye kivuli cha puto la abiria lililomleta kutoka Dar es Salaam. Alishuka ngazi na begi lake, akasimama mbele yao, akasafisha koo kama wafanyavyo watu wa makao makuu, akajitambulisha: "Naitwa Mwamvita Kondo, afisa sera wa Kampuni ya Upeo. Kwetu ni Kisarawe."

Kisarawe! Neno halijagusa ardhi, nyuso zote zikachangamka. Mama mmoja mnene wa mstari wa mbele, aliyechomeka glavu za ngozi kiunoni, akafumbua kinywa kusema jambo, na jambo lenyewe lazima lilikuwa tamu, maana macho yake yalishatangulia kucheka. Badala ya neno ikatoka, "Hik!"

"Shikamoo, mama," alisema Mwamvita.

"Marahaba, m... hik!"

Wa pembeni yake naye akataka kumsaidia. "Hik!" Wa nyuma, "Hik! Hik!" Mara mstari mzima unaruka mabega, mtu akiziba mdomo, mwingine akijipiga kifua, na mzee mmoja akageuka kando akiinamia nguzo, machozi yanamtoka. Mpaka yule mama akavuta pumzi ndefu, akaufunga uso wake kama mtu anayefunga duka, akasema kwa sauti ya karani wa mahakama: "Karibu Tabora, Afisa. Mimi ni Kalunde Mlekwa, msimamizi wa kamba. Tunakupokea kwa mujibu wa taratibu."

Kwikwi zikakoma. Furaha nayo ikakoma.

Mwamvita alikasirika. Kwikwi ile aliijua vizuri mno, maana kifungu chake kilipita mezani kwake. Kila mfanyakazi wa Upeo alibandikwa nyuma ya sikio kidude kidogo mithili ya punje ya uwele, na watu wakakiita hivyohivyo, Punje. Punje ilisikiliza mishipa. Mkono ukitaka kwenda mahali, Punje inajua kabla mkono haujaondoka, nayo humnong'oneza mwenyewe kifungu cha sera kinachohusika. Na ulimi ukiandaa tusi, Punje hulinasa lile tusi kabla halijatoka, ikautekenya msuli wa pumzi chini ya mbavu, tusi likageuka kwikwi. Huko Dar es Salaam watu walishazoea. Ofisini palikuwa na adabu hata nzi akipita unamsikia.

Basi hesabu yake Mwamvita ilikuwa nyepesi. Kama watu wote wale wamepigwa kwikwi kwa mpigo, maana yake watu wote wale walitaka kumtukana. Na hata begi hajaliweka chini! "Makubwa haya," alijisemea akielekea chumba chake cha wageni. "Kumbe Mkurugenzi alisema kweli. Hawa watu hawasikii."

*

Mkurugenzi Elinami Mshana alikuwa mtu wa maneno machache na suruali zilizonyooshwa vizuri. Kabla ya safari alimwita Mwamvita ofisini, akamwambia habari za Tabora. Watu wa pale walikuwa wakiumia. Puto linaposhuka huangusha kamba, wavutaji huzidaka na kulielekeza puto mpaka kwenye nguzo ya kulifungia. Mashine za kuvutia zilijaribiwa, vumbi la kiangazi likazikaba, ikabidi warudi watu. Sasa kisulisuli kikija ghafla, puto huruka juu, na mtu aliyejizungushia kamba kifundoni mwa mkono huondoka nalo. Wa mwisho kuondoka nalo alikuwa kijana Mihayo, akapandishwa hadi usawa wa paa la ghala kisha akaanguka. Alivunjika mkono. Mungu alimpenda.

"Na kifungu kipo," alisema Mkurugenzi.

"Kipo, Mkurugenzi," alijibu Mwamvita. Alikiandika yeye mwenyewe, tena akasifiwa kwenye mkutano. *Mfanyakazi wa kamba anakumbushwa kwamba, kwa usalama wake na wa wenzake, hatakiwi katika mazingira yoyote yale kuizungusha kamba ya kutulia kwenye kiungo chochote cha mwili wake.* Mtu ungeweza kukitundika ukutani.

"Punje inawanong'oneza, wao wanaitikia ndiyo, kisha wanafanya yaleyale. Basi Ijumaa nakuja mwenyewe kuwasha Usukani."

Usukani ulikuwa uwezo wa pili wa Punje, uliokuwa umelala bado. Usukani haunong'onezi. Usukani unaushika mkono wako ukaufungua wenyewe. Sheria ilikataza kitu kinachogusa mwili kuwashwa mpaka afisa sera akae na wafanyakazi, awasikilize, kisha atoe idhini kwa sauti yake. Ndiyo maana Mwamvita alitumwa. Akienda, akisikiliza, akisema "nakubali," basi, Tabora haumii mtu tena.

Naye alikuwa ameujaribu Usukani mwenyewe, tusimwonee. Walimpa kamba pale maabara, wakamwambia ajizungushie, na kabla hajafika nusu vidole vyake vikafunguka, laini kabisa, hata maumivu hakuna. Wataalamu wakapiga makofi. Yeye akautazama mkono wake kama unavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi. Jioni alipomenya viazi, kila mara alikuwa anausubiri mkono aone kama utakubali. Hakumwambia mtu.

*

Mwamvita alimkuta Mihayo kwao mtaa wa Ng'ambo, kakaa barazani, mkono mmoja kwenye plasta, mwingine unabangua karanga kwa shida. Alimkaribisha kwa heshima zote, akamsogezea kigoda.

"Pole sana, Mihayo."

"Nimeshapoa, dada. Karanga hizo, kula."

Mwamvita akala mbili tatu, kisha akamwuliza moja kwa moja. "Siku ile Punje ilikunong'oneza?"

"Ilininong'oneza, kwa nini isininong'oneze? Yule bibi wa kwenye Punje ana sauti nzuri. Akaanza, mfanyakazi wa kamba anakumbushwa kwamba. Mimi nikawa nasubiri anakumbushwa nini. Alipofika kwenye mazingira yoyote yale, mimi nilishaliona paa la ghala kwa juu, lina kutu."

Mwamvita alitaka kucheka, aibu ikamzuia. Kifungu chake!

"Na wenzako hawakukwambia?"

Mihayo akaweka karanga chini. "Mama Kalunde alikuwa hatua chache tu. Nilimwona amefumbua mdomo. Nikajua ananiita yale majina yake. Zamani, kabla ya hizi Punje, ukijizungushia kamba mama Kalunde anakupigia kelele, 'Wewe Msukuma, kamba hiyo, si ng'ombe wa mahari! Waachie wenyewe!' Watu wanakufa kwa kicheko, wewe mwenyewe umeshaachia hata hujui saa ngapi. Siku ile kafumbua mdomo, ikatoka kwikwi. Namwona analia, dada, kwikwi na machozi pamoja, na mimi naenda juu."

Mwamvita aliacha kula. Kisha akauliza swali alilotumwa kuuliza. "Mkurugenzi anataka kuwasha Usukani. Mkono ufunguke wenyewe. Wewe unasemaje?"

"Washeni," alisema Mihayo papo hapo. "Washeni hata leo. Ungekuwapo, mimi leo nipo kazini. Mimi sina fahari na mkono uliovunjika."

Akatoka pale kichwa kinamwuma. Mwenye mkono uliovunjika kasema washeni. Nani tena wa kubisha?

*

Wa kubisha alikuwa mama Kalunde. Mwamvita alimfuata kwenye banda la kamba, akakuta anazipaka nta ya nyuki, moja baada ya nyingine, anazikagua kwa kiganja kama mtu anayempapasa mtoto kutafuta homa.

"Mama Kalunde, niambie kweli. Nilipofika mlitaka kunitukana?"

"Kukutukana?" Kalunde aliacha kamba. "Nani kasema?"

"Kwikwi imesema."

"Kwikwi!" Mama wa watu akacheka mpaka akajishika kiuno. "Mwanangu, wewe si Mzaramo?"

"Ndiyo."

"Na sisi hapa Wanyamwezi, na Wasukuma wawili watatu tuliowaokota njiani. Sasa Mzaramo kashuka mbinguni na begi, anasafisha koo, Wanyamwezi wanamtazama wanyamaze? Tungekuwa wagonjwa! Sisi babu zetu wamebeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani, wamefika wamewakuta babu zako wanacheza mdundiko. Tangu siku hiyo ninyi kwetu ni wavi... hik!... wavi... hik! Unaona? Unaona kitu chenu hiki?"

"Kumbe ni watani," alisema Mwamvita polepole.

Utani! Aliusikia kwa bibi yake. Aliwahi kuuona mara moja utotoni, msibani Kisarawe, walipokuja wageni wa bara wakalala mlangoni wakizuia jeneza lisitoke mpaka wapewe kuku, na waombolezaji wakacheka na kulia palepale. Baadaye zikaja Punje, na waliozitengeneza wakazifundisha kwamba mtu akimwita mwenzake mvivu, mlafi au mpumbavu, hilo ni tusi. Mashine haikuambiwa kwamba nchi hii kuna watu ambao wakikuita mpumbavu wanakupenda, tena ndio pekee wanaoruhusiwa kukwambia kwamba kweli umefanya upumbavu.

"Mimi sera zako sikuzikataa," alisema Kalunde alipotulia. "Hiyo ya kamba, bibi yangu angeweza kuitunga. Lakini mtani akinipigia kelele sikasiriki, siwezi, nitaonekana sina adabu. Ila bosi akininong'oneza mimi naitikia ndiyo, na moyoni nasema, huyu naye. Sasa umenizibia mdomo, halafu unataka kunishika na mkono? Mkono huu nimeulea mwenyewe, Afisa. Umebeba watoto na kuwazika wazee. Ukianza kufunguka bila ruhusa yangu, kesho nitaushikishaje kamba ya mtu mwingine?"

"Na Mihayo? Yeye ameniambia washeni."

Kalunde akachukua nta, akairudisha. "Ameumia yule. Nami nilikuwapo. Sina cha kumjibu."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba, na Mwamvita hakuona pa kuukwepa. Akiwasha Usukani, mikono itakuwa salama lakini haitakuwa yao. Asipouwasha, mtu akiruka na puto siku moja, damu yake iko juu ya ulimi wa Mwamvita Kondo uliosema hapana. Alizunguka uwanja mchana kutwa na jua lile la kiangazi. Kitu kimoja tu alikuwa na uwezo nacho: ufunguo wa dharura wa afisa sera, unaozima Punje zote ndani ya uzio wa bandari, za chini na za kwenye puto linalotua. Ufunguo huo ulikuwa wa moto na mafuriko. Si wa majaribio.

"Mama Kalunde," alisema aliporudi bandani. "Ijumaa, puto la Mkurugenzi likishuka, nikizima Punje, mtaweza?"

Kalunde alimkazia macho. "Na Mkurugenzi mwenyewe yumo ndani?"

"Yumo."

"Na kazi yako je?"

"Hiyo sijui."

"Basi kwa sharti moja," alisema mama yule, na tabasamu lilikuwa linamchomoza pembeni mwa mdomo. "Na wewe utavuta kamba. Haiwezekani utushushie puto halafu ukae kivulini kama Mz... hik!"

*

Ijumaa jua lilikuwa kali, na vumbi la Tabora limekaa kimya, ule ukimya wa mtoto anayefanya utundu chumba cha pili. Puto likatokea upande wa mashariki, ngozi yake nyeusi inayokunywa jua inang'aa. Mihayo alikuja kutazama, plasta yake imeandikwa majina ya rafiki zake wote. Mwamvita, glavu za kuazima mikononi, akagusa ufunguo.

Punje zikanyamaza.

Kwanza hakuna aliyethubutu. Watu wanatazamana. Kisha mzee yule Msukuma wa kuinamia nguzo akajaribu kidogo, kama anayeonja uji wa moto: "Nyie Wanyamwezi, leo kuna mzigo... mtakumbuka kuushusha, au mtaubeba mpaka pwani?"

Haikutoka kwikwi! Jamani, palilipuka. Uwanja mzima ukawa soko. Huyu kamwita yule mla michembe ya viazi, yule kajibu kwamba heri michembe kuliko kwenu mnakokula ahadi. Miaka yote ya kunyamaza ilimwagika kwa mara moja, na Mwamvita alipewa fungu lake akapewa na nyongeza: anashika kamba kama anashika tui, miguu laini, aombe apigiwe ngoma labda atavuta. Alicheka mpaka mbavu zikamwuma. Tangu azaliwe hajawahi kutukanwa akajisikia amekaribishwa namna ile.

"Kamba!" Kalunde alipiga kelele, na wote mikono juu.

Kamba zikaanguka. Mwamvita akadaka yake. Nzito, inavuta, ina maisha. Akarudi nyuma nayo kama wenzake, puto likashuka taratibu, tumbo lake kubwa likifunika jua, na alianza kuona raha ya kazi ile, alianza hata kujidai.

Kisulisuli kilitokea nyuma ya ghala. Vumbi likasimama wima, likaja linazunguka, puto likatikisika. Kamba ikamponyoka Mwamvita kiganjani kidogo, akaogopa, na hapohapo, bila kufikiri hata chembe, mwandishi wa kile kifungu kizuri cha kutundikwa ukutani akaizungusha kamba kifundoni mwake. Mara moja. Mara ya pili.

"WEWE MZARAMO!" Sauti ya Kalunde ilipasua upepo. "Kamba hiyo, si bangili! Nani kakwambia unaolewa leo?"

Uwanja ukaangua kicheko. Na Mwamvita naye, kicheko kilimtoka kabla ya hofu, na kwa kucheka mkono ukalegea, akautikisa, kamba ikachomoka. Ilimchuna ngozi ikapaa juu ikichapa hewa pale alipokuwa amesimama. Huku na huku majina yanarushwa, "Achia, mlafi!" "Rudi kushoto, wewe wa kuokotwa!" na kila aliyeitwa aliachia pa kuachia na kukamata pa kukamata. Puto lilipanda, likayumba, wakalipa nafasi, kisulisuli kikapita kwenda zake. Wakalidaka tena, wakalivuta hadi kwenye nguzo, wakalifunga.

Hakuna aliyeumia. Hakuna! Mwamvita alikaa chini kwenye vumbi, kifundo kinamuwaka, anacheka. Alijua sasa ni nini kilichokuwa kimepita kando ya shingo yake.

*

Mkurugenzi Mshana alishuka na chai yote imemmwagikia kifuani. Nyuma yake alishuka rubani, mwanamke mrefu kutoka Machame aitwaye Aikaruwa Swai, kofia kwapani.

"Nani amezima Punje?" aliuliza Mkurugenzi.

"Mimi," alisema Mwamvita akiinuka.

"Nimo ndani, na abiria wamo ndani, umezima."

"Ndiyo, Mkurugenzi. Nami ndiye niliyejizungushia kamba. Kifungu nimekiandika mimi, nikakivunja mimi."

Mkurugenzi alikitazama kifundo kile chekundu. Hakuwa mtu mbaya, tumpe haki yake. Rangi ilimtoka usoni. "Basi umejibu mwenyewe. Usukani ungeufungua mkono wako upesi zaidi."

Lilikuwa neno la haki, na Mwamvita hakutaka kulijibu kwa ujanja.

"Ungeufungua," alisema. "Tena bila kuchunwa. Sikatai. Lakini nisingejua kwa nini umefunguka, na kesho ningejizungushia tena nikiusubiri Usukani unifungue. Leo najua. Na nikimwona mwingine anajizungushia, mimi nitapiga kelele mpaka Kisarawe wasikie. Sera hiyo sasa iko kwangu. Usukani wako ungebaki nayo wenyewe."

Mkurugenzi akamgeukia Mihayo, akamwona na plasta yake. "Wewe ndiye uliyeumia. Nimesoma kwamba wewe unautaka."

Mihayo alikuna shavu kwa mkono wake mzima. Watu wote wanamtazama, na Kalunde alikuwa anatazama chini.

"Niliutaka, mzee. Lakini leo nimesimama hapa nimeona. Mimi sikuwa nalilia mashine. Nilitaka mtu anipigie kelele kwa wakati."

Kalunde akajifuta uso kwa glavu, ikamwachia alama ya nta shavuni.

Mkurugenzi akasimama pale na shati lake la chai, kidole kinagusa kibamba cha chuma alichokuja nacho cha kuwashia Usukani. Alionekana amechoka. "Nyie mna watani wa kuwapigia kelele," alisema, na ilikuwa kama anajisemea. "Mimi naandika sera, zinapita, kila mtu ananiambia ni nzuri. Mimi ananipigia kelele nani?"

Rubani Aikaruwa akavaa kofia yake, akaivua tena.

"Wewe si Mpare?" alisema.

Mkurugenzi akageuka. "Ndiyo, wa Usangi."

"Na mimi Mchagga, miaka miwili nakurusha, kila nikikukumbuka ulivyo Mpare napigwa kwikwi angani peke yangu, abiria wanadhani rubani kalewa. Leo Punje imezimwa na sijui itawashwa saa ngapi, kwa hiyo sikiliza. Kisulisuli kilipotupiga ulishika kiti kwa mikono miwili. Ulikuwa unasali, au unahesabu ng'ombe wa kuuza, kama kawaida yenu Wapare, upate wakili wa kuushitaki upepo?"

Watu waliziba midomo. Mzee wa nguzo alifumba macho kabisa. Mkurugenzi alimtazama rubani wake kama ndiyo kwanza anamwona. Kisha kitu kikaanza kumtikisa mabega, na haikuwa kwikwi. Alikuwa anacheka! Alicheka kwa sauti nyembamba ya mtu aliyesahau namna, halafu kwa sauti ya kwao Usangi.

"Mchagga wewe! Kumbe una mdomo?"

"Ninao. Uliuziba." Sasa Aikaruwa hakuwa anacheka. "Nikwambie jambo jingine. Rubani akitua anatazama nyuso za walio chini, ndizo zinazomwambia upepo unakotoka. Tangu mlete hizi Punje natua juu ya sanamu. Leo ndiyo mara ya kwanza nimetua juu ya watu. Ukiwasha hicho kibamba, tafuta rubani mwingine."

Mkurugenzi alimnyooshea Mwamvita kile kibamba. "Sauti yako ndiyo inayosubiriwa, Afisa. Umekaa nao, umewasikiliza. Sema."

Mwamvita alikishika kwa mkono uleule uliochunwa. Ulimwuma, na vidole vikafanya alivyovitaka. "Mimi, Mwamvita Kondo, afisa sera, sikubali Usukani uwashwe. Kifungu cha kamba nitakiandika upya, na watakaonitungia ni hawa, watani kwa watani."

"Nami sikubali," alisema Mkurugenzi akiinamia kibamba, ili naye asikike. Halafu akainuka, akawatazama wote, uso umerudia ukali wake wa ofisini. "Bado jambo moja. Hiki kifungu cha kuwatia watu kwikwi. Nataka kumjua aliyekiandika."

Watu walianza kukunja kamba ambazo zilishakunjwa. Mwamvita aliangalia viatu vyake, maana kilipopita mezani kwake kilikuwa tayari na sahihi, na sahihi ile aliijua.

"Ni wewe, Mpare," alisema Aikaruwa.

Mkurugenzi Mshana alifikiri kidogo, mikono mfukoni, chai imemkaukia kifuani.

"Basi nauza ng'ombe," alisema, "namshitaki."